Safari ya Siku Moja ya Mama Fundi

Mteja akilalamika kwamba nguo imembana, Mama Fundi hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, pini zikiwa mdomoni, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo "njo" ni "ndiyo" na "ndiye", "Nguo iko muzuri. Weye njo ulibadilika." Mteja mwenyewe mara nyingi alikuwa mama wa Kizulu, au Mreno mzee wa mtaani asiyejua Kiswahili hata cha salamu, lakini alielewa. Alinuna, akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi na suruali nyingine.

Tulipanga chumba kimoja, yeye na mimi, kwenye barabara kuu ya Kensington, Johannesburg, kati ya duka la vipuri vya magari na kinyozi Mkongo. Katikati tulitundika pazia. Upande wangu niliuza vitenge na khanga nilizoletewa kutoka Dar, na upande wake alishona. Nilimwita Mama Fundi kwa kuwa mtaa mzima ulimwita hivyo. Yeye aliniita Mama Salma, kwa jina la binti yangu. Jina lake la kweli nilikuja kuliona uwanja wa ndege, tulipokuwa tumeshika pasipoti mkononi, na mpaka leo nikilisikia nadhani anasemwa mtu mwingine.

Wanaoniuliza habari zake hutaka niwasimulie safari ya Vietnam. Nitaisimulia. Lakini watu wanamkumbuka kwa msiba wake tu, na msiba ulimkuta tayari ni mtu, mwenye ubishi wake na ucheshi wake, na hivyo ndivyo nilivyomjua mimi.

Kiingereza alikikataa. Aliishi Johannesburg miaka ishirini na zaidi akiwa na maneno manne: Friday, finish, no, na eish. Kwa hayo manne aliendesha biashara. Sketi za shule, magauni ya mahafali, suti za wachungaji, zote zilipita katika "Friday". Nilipomwambia nimfundishe jioni, baada ya kufunga, alizima cherehani kabisa ili nimsikie vizuri.

"Kingereza njo kilikula mutoto yangu. Unataka kinikule na mimi?"

Mtoto huyo ni Héritier, mwanawe wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa mjini. Alipokuwa mdogo alitoka shule akaingia dukani akirusha begi, "Mama, I'm hungry." Mama Fundi akaendelea kushona kama hakuna aliyeingia. Kijana akarudia. Cherehani ikaongeza mwendo. Mpaka aliposema, "Mama, niko na njaa," ndipo sufuria ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao, ilipofunuliwa. Kwa hiyo Kiswahili cha Héritier kilikuwa cha tumboni: chakula, maji, choo, samahani. Kwangu mimi alijua "Shangazi, shikamoo," na akiisha kuamkia alihamia Kiingereza mbio, kama mtu aliyevuka mto na kufika nchi kavu.

Kuna siku moja ambayo wafanyabiashara wa barabara yetu hawataisahau. Waandamanaji walipita wakiwatafuta wageni. Tangu asubuhi tulikuwa tumepata habari kwenye simu, na maduka yote yalishushwa milango. Mimi nilikwisha beba khanga zangu za bei. Mama Fundi alifunga geti la chuma kwa ndani, akarudi kwenye kiti chake.

"Twende, dada," nikamwambia.

"Kazi haijaisha."

Sikuweza kumwacha. Nikakaa nyuma ya pazia nikisoma kila dua niliyofundishwa. Wakaja wakiimba, fimbo mikononi, wakagonga mageti ya maduka kwa zamu. Walipofika kwetu, mwanamke mmoja akajitenga na wenzake, akaweka uso wake kati ya nondo.

"Mama, ile sketi ya binti yangu iko tayari?"

"Friday," akasema Mama Fundi.

"Eish, Mama, shule ni kesho!"

Mama Fundi akamtazama, akatazama fimbo. Kisha akatafuta ile sketi katika rundo, akaipiga pindo palepale. Yule mwanamke aliegemeza fimbo yake ukutani akasubiri kwa adabu, huku wenzake wakiendelea mbele na nyimbo zao. Sketi ikapitishwa katikati ya nondo. "Thank you, Mama. Lock up nicely, hey," akasema, akachukua fimbo yake, akakimbia kuwafikia wenziwe.

Mtaani walisema Mama Fundi ana moyo wa chuma. Mimi niliyekuwa ndani najua kilichofuata. Alijaribu mara tatu kutunga uzi kwenye sindano, uzi ukapita pembeni, akaninyooshea vyote viwili. "Nitilie uzi," akasema. Nilimtilia uzi siku nzima ile.

Alisali Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, katika kanisa la Wakongo lililokodi ukumbi nyuma ya gereji. Lakini mazungumzo yake hasa na Mungu yalifanyika kwenye cherehani, na hayakuwa mazungumzo ya upole. "Weye Mungu, hii ya leo nitakuuliza," nilimsikia akisema. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yangu hata mara moja. Mchana alitoka na bakuli lake kwenda uani, akala amesimama karibu na choo, akarudi akifuta midomo na kusema hakuwa na njaa. Alisema Mungu wetu na wao ni mmoja, ila wetu huamka mapema sana.

Jambo moja hakufanya nalo mzaha. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kununua chumvi, kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku za vita, naye akiwa na mimba ya Héritier. Hakurudi. Mmoja alisema alimwona Uvira, mwingine akasema Kalemie. Ukoo ulitaka kukaa matanga, yeye akakataa. Kwao kulikuwa na mtu aliyekwisha kuliliwa na kuombewa, akaja akatokea baada ya miaka, akamkuta mkewe ana mume mwingine na watoto. "Batu ya vita banarudiaka," alisema, yaani watu waliopotea vitani hurudi. "Bila maiti, hakuna matanga." Basi hakuwa mjane na hakuwa mke. Wanaume wa kanisani walipomposa aliwajibu kwamba bwana yake amekwenda sokoni.

Na huyu ndiye mwanamke ambaye mwanawe alikuja kumwambia, "Mama, nimepata kazi Vietnam."

Nilikuwepo. Vijana wengi wa Afrika Kusini waliomaliza chuo na kukosa kazi walikuwa wanakwenda huko kufundisha Kiingereza. Mama Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Kule kuko vita."

"Mama, vita iliisha zamani. Before I was born."

"Vita haiishaka."

Hakumbariki wala hakumkataza. Alimshonea mashati, akayakunja, akayatia kwenye sanduku, na uwanja wa ndege hakwenda. Maneno mazuri yalikuwa magumu kutoka kinywani mwake. Héritier alipiga simu kila Jumapili kutoka Dalat, mji wa milimani, wenye baridi na misonobari, akamtumia picha za vilima na mashamba. Mama Fundi alizitazama akamjibu, "Umekonda." Simu ikikatika, alivuka pazia kuja kunionyesha picha zilezile, kisha akamwonyesha kinyozi, kisha muuza vipuri, kisha kila mteja wa wiki ile.

Jumapili moja simu haikulia. Iliyofuata pia. Picha ya mwisho ilimwonyesha kijana ndani ya hema kubwa la nailoni la kukuzia maua, amevaa shati la rangi ya chungwa ambalo mama yake alilishona, na chini yake ameandika kwamba leo ni mapumziko, amejiunga na safari ya siku moja ya kutembezwa mashambani.

Tulipiga simu kila mahali panapoweza kupigwa. Jibu lililotufikia lilikuwa hili: alikuwa na kundi la watalii, walipofika kwenye maporomoko ya maji akawaaga, akasema atarudi mjini kwa njia yake. Tangu hapo hajaonekana. Ni mtu mzima. Huenda amevuka mpaka kwenda nchi jirani kutafuta maisha.

"Eri hawezi kwenda bila kuniambia," akasema Mama Fundi, ambaye nyumbani alimwita Héritier hivyo. "Lakini iko muzima. Kama anatembea, iko muzima."

Kanisa lake lilichanga, nami nikaongeza, na ikaamuliwa niende naye kwa sababu ya lugha. Sikuwahi kumwona mtu akikaa kwenye ndege namna ile, mgongo haugusi kiti, mkoba umekumbatiwa, macho mbele, kama yupo foleni na anaogopa kupitwa.

Huko Dalat polisi walitupokea kwa heshima, wakatupa chai, wakarudia maneno yaleyale ya simu. Mwenye nyumba aliyempangisha Héritier alitukabidhi begi lake, akamshika Mama Fundi mikono yote miwili akalia. Yeye ndiye aliyetuonyesha pa kulipia ile safari ya mashambani. Aliyeiongoza siku ile, alisema, ni Tuan, na bado anaiongoza kila siku.

Mama Fundi alinikanya kabla ya kulala. "Usimwambie miye ni nani. Nataka kuona bile Eri aliona. Nataka atuone kama batalii tu."

Asubuhi tukapanda basi dogo pamoja na wazee wawili, mume na mke kutoka Australia. Tuan alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia, na vichekesho ambavyo ungejua amevirudia mara nyingi. Alituuliza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania, maana ndiyo kweli yangu, na Mama Fundi hakusema kitu. Kitenge chake kilijaa kiti kizima cha mbele.

Barabara ikapanda na kushuka. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Mahema ya nailoni yalifunika miteremko, mengine meupe, mengine yamechakaa, na katikati yake vibanda, na moshi, na wanawake wenye vikapu mgongoni. Nilimwona Mama Fundi anasogeza uso kwenye kioo mpaka pumzi yake ikakifunika. Akafuta kwa kiganja, akatazama tena.

"Mama Salma," akaniita kwa sauti ndogo. "Huku njo kwetu."

"Vipi, dada?"

"Bukavu. Vilima, baridi, hii udongo nyekundu. Eri alikuja kwetu bila kujua."

Katika hema la maua alitafuta mahali mwanga unapoingia kama kwenye picha, akasimama pale aliposimama Héritier. Kwenye shamba la kahawa Tuan alianza kutueleza namna ya kuchuma. Mama Fundi hakusubiri. Alikamata tawi, akachuma matunda mekundu kwa vidole viwili, akiacha mabichi, upesi upesi, kama binti aliyetumwa. Wale wazee wakapiga makofi. Tuan akacheka, akasema mama huyu amefanya kazi hii. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya simu kumwona akitabasamu, na nilifanya kosa la kufikiri kwamba siku itakuwa njema.

Saa za mchana tukafika kwenye maporomoko. Kelele zake zilitupokea kabla ya maji yenyewe. Njia ya kushuka ilikuwa ya ngazi za mawe, zimelowa, zina utelezi, na pembeni reli ya chuma ya kushikilia. Wazee wa Australia walikwama juu. Tukashuka sisi watatu, Tuan mbele akinyoosha mkono kutusaidia, Mama Fundi akishuka kiubavu, kitenge amekipandisha.

Karibu na chini akasimama. Aliipapasa reli, akarudi nyuma hatua, akaipapasa tena.

"Hapa batu balitia kiraka," akasema.

Nilitazama. Kweli, reli yote ilikuwa na kutu ya siku nyingi, isipokuwa kipande cha urefu wa mtu, kipya, kimepakwa rangi isiyofanana na ile nyingine.

"Muulize, hii chuma mupya baliweka lini? Na ju ya nini?"

Nikamuuliza Tuan kwa Kiingereza, lini na kwa nini. Tabasamu la kazi likabaki usoni mwake muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Akaniuliza, "Huyu mama ni nani?"

Nikamtazama Mama Fundi. Akaniitikia kwa kichwa, kwamba niseme.

"Ni mama yake yule kijana wa Afrika Kusini."

Tuan alikaa chini. Alikaa kwenye jiwe lenye maji, akavua kofia, akaanza kusema, na mimi nikawa nafasiri sentensi kwa sentensi, nikipaza sauti kwa sababu ya maporomoko. Sikupata nafasi ya kuyaficha wala kuyapamba. Yalitoka kwake yakapita kwangu yakamfikia.

Alisema reli ilikuwa imelegea tangu mvua kubwa, na njia ilitakiwa kufungwa, lakini mwenye kampuni hakutaka watalii warudi bila kuona maji. Alisema watalii wengine walikuwa bado juu, na Héritier aliiegemea kujipiga picha. Alisema yeye aliona chuma kinavyoinama, akapiga kelele. Na hapo Tuan akaziba uso. Nikamngoja. Alisema kwa hofu Kiingereza kilimtoka kichwani, akapiga kelele kwa lugha yake mwenyewe. Kijana alisikia, akageuka, akamtazama, akacheka, kwa sababu hakuelewa. Kisha reli ikaachia, naye akaanguka nayo majini. Maji yalikuwa mengi siku ile. Hakuibuka tena. Mwenye kampuni alimwambia aseme kijana aliaga akaondoka, la sivyo wote wataishia jela, na Tuan ana wazazi wazee na watoto shuleni.

Nilipomaliza kufasiri Mama Fundi alikuwa bado ameshika kile kipande kipya cha reli.

"Muulize alimuita namna gani. Ile neno."

"Lui lai," akasema Tuan. Maana yake, rudi nyuma.

"Lui lai," akasema Mama Fundi, polepole. "Lui lai." Kisha akauliza, "Alikuwa amekula?"

Tuan akasema ndiyo, walikuwa wamekula pamoja, wali na samaki, na Héritier aliongeza sahani.

Mama Fundi akaguna kama mtu aliyepokea chenji sahihi. Akapanda ngazi zote bila kushikilia kitu. Tuan alitaka kuturudisha mjini moja kwa moja, akakataa. "Tumalize safari. Eri hakumaliza." Ndivyo tulivyofika kwenye kiwanda cha hariri, ambako vifukofuko vya viwavi huchemshwa na uzi kuvutwa. Binti muuzaji akatuwekea blauzi ya samawati mezani. Mama Fundi aliigeuza nje ndani, akakagua mishono, akairudisha.

"Imeshonwa mubaya," akasema. Akatoka nje, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akafunika kichwa kwa kitenge. Hakulia. Nilikaa karibu naye, nikangoja alie, mpaka basi likapiga honi.

Kesho yake Tuan alikuja hotelini kabla hatujaamka vizuri, amevaa shati safi, akasema yuko tayari kwenda polisi. Mama Fundi alimtazama kwa muda, akamwekea chai. Kisha tukaenda wote watatu, naye Tuan akasema mbele ya maafisa yale aliyotuambia sisi. Njia ikafungwa, mwenye kampuni akaitwa, na watu wenye miti mirefu na kamba wakaingia mtoni wakatafuta mpaka chini kwenye mabwawa. Hawakupata kitu. Mvua zikaanza, maji yakawa ya rangi ya matofali, wakaacha.

Kwenye ndege ya kurudi akaniambia, "Johannesburg wakiuliza, sema bado tunatafuta."

"Dada, watu wamechanga, wanaomba kila siku—"

"Kuko maiti?"

"Hakuna."

"Basi sema tunatafuta."

Nikasema hivyo. Yeye ndiye mama wa Héritier, haikuwa nafasi yangu kumtangulia kusema. Kanisani wakaendelea kufunga na kuomba. Wateja wakaulizia, akawajibu, "Iko muzima. Iko kule." Nilimsikia kutoka upande wangu wa pazia, nami nikijua, naye akijua kwamba najua. Akaanza kunipita asubuhi bila kunijibu salamu. Chai aliyokuwa akinimiminia aliacha. Nikidhani ni huzuni nilivumilia, nikimwachia chakula pembeni ya cherehani, na jioni nikakikuta kimepoa palepale. Siku moja nilitoka kwenda kuswali Ijumaa msikitini Mayfair, nikarudi, nikakuta upande wake mtupu. Cherehani, rundo la nguo, picha, vyote vimekwenda. Kinyozi alisema amehamia Turffontein. Hakuniachia hata neno.

Niliumia, sitaficha. Nilimpigia, hakupokea. Pazia nililiacha pale pale, na nyuma yake sikumpangisha mtu kwa muda mrefu.

Ulipita mwaka na zaidi. Jumapili moja mama mmoja wa kanisa lao akanipigia: "Mama Fundi anakuhitaji. Anasema ukuje sasa, usingoje kesho."

Nilimkuta katika chumba cha uani, nyumba ya tatu kutoka ule ukumbi wao nyuma ya gereji. Alikuwa amekonda mpaka mabega yametoka. Kutoka kanisani ngoma zilisikika na watu wakicheka.

"Ikala, Mama Salma."

Nikakaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Nilikuchukia," akasema. "Apana ule mutu wa Vietnam. Weye."

Akakivuta kiti chake karibu nami.

"Yeye alisema maneno sielewi. Alikuwa analia tu. Weye njo ulisema mutoto yangu amekufa. Ilitoka mu kinywa yako, na Kiswahili. Nikajiambia, pengine Kingereza ya ule mutu ni mubaya. Pengine na Mama Salma hakusikia muzuri, ju maji ilikuwa na makelele. Kama sitamuona tena Mama Salma, hakuna mwenye atanikatalia." Alipumua. "Sasa niambie. Ulisikia muzuri?"

"Nilisikia vizuri, dada."

"Hakukosea?"

"Hakukosea."

"Na weye hukukosea?"

"Sikukosea, dada yangu. Natamani ningekosea."

Ngoma zikaendelea kanisani. Kisha akanieleza. Wiki ile alikuja nabii mgeni, akasimama mbele ya waumini akatangaza kwamba ameonyeshwa Héritier yuko njiani kurudi nyumbani. Kanisa zima likalipuka kwa furaha. Kina mama walikuwa wamekuja na sufuria na vitambaa vya kupamba, na muda ule walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi ya nyimbo za kumpokea.

"Banacheza," akasema. "Banachezea mutoto yangu. Nami nilienda mara mbili kuwaambia, nikafika pa mulango, kinywa ikakataa. Weye ulisema mara ya kwanza. Sema na ya pili."

"Mimi ni Mwislamu, dada. Mchungaji wenu atanisikiliza?"

"Atasikiliza. Nitakuwa nyuma yako."

Nilijifunga khanga vizuri tukatoka. Alinishika kiwiko, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Ukumbini walikuwa wamefunga riboni nyeupe kwenye viti. Walipomwona walipiga vigelegele, wakamzunguka, mmoja akamtilia shada shingoni. Mchungaji akanyanyua mkono kuniuliza mimi ni nani. Nikasema nilikuwa na Mama Fundi Vietnam, na ninalo neno.

Mpiga ngoma akaacha. Nilikuwa nimepanga njiani maneno ya kuanzia, ya pole na ya Mungu, yote yakanitoka. Nikaona nyuso zao, kina mama wenye jasho la kucheza, na nikasema kama nilivyosema pale kwenye ngazi, kwa sauti kubwa, ingawa hapa hapakuwa na maji ya kushindana nayo.

"Héritier alianguka mtoni siku ileile. Amefariki. Mama yake alikwenda mpaka mahali penyewe."

Ukumbi mzima uliangua kilio. Wengine walijitupa chini, mwingine akanifuata akinitikisa mabega, akisema mwongo, mwongo. Mchungaji alimgeukia Mama Fundi, uso wake wote ukimwomba akatae.

Mama Fundi alitoa lile shada shingoni, akampa mama aliyekuwa karibu naye. Akaketi sakafuni mbele ya viti, akanyoosha miguu yote miwili, wanavyokaa wenye msiba.

"Njo vile," akasema, na hapo ndipo alipolia.